Behewa la Tatu

Kiti kilikuwa na joto la mtu. Koleo aliondoa kiganja upesi. Makondakta wenzake walimwita hivyo kwa sababu akikushika huna tiketi, huchomoki. Treni ilikuwa imelala tupu karakanani, na milango ilikuwa haijafunguliwa. Nani alikuwa amekaa hapo?

Hakumwambia mtu. Behewa la tatu lilikuwa limerudi juzi na viti vipya na rangi mbichi, miezi mitatu tangu magaidi walipotega bomu ndani yake, wakaua watu kumi na tisa waliokuwa wakienda kazini. Mdogo wake Koleo alikuwa mmoja wao.

Siku ya pili ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Siku ya tatu, treni ilipofika darajani, palepale pa mlipuko, vipaza sauti vikakoroma, kisha sauti laini ikasema, "Shukeni. Shukeni wote." Kufikia mwisho wa wiki watu walikuwa wakining'inia kwenye milango ya mabehewa mengine, la tatu likienda tupu.

"Shemeji, mimi yamenifika hapa," dereva alinong'ona. Alikuwa mume wa yule mdogo wake. "Ni sauti yake. Ananiita hadi chumbani kwangu kule mbele. Kesho siji."

Koleo akamleta mganga, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bibi alinusa behewa, akasonya.

"Huyu si mdogo wako. Wafu wetu hawatutishi. Huyu ni jini, chakula chake hofu. Wale wauaji walimfungulia mlango, na nyinyi mnamtandikia kitanda kila mnapomwachia behewa."

"Basi mtoe, bibi."

"Nimtoe mimi? Mgeni hafukuzwi na jirani. Anafukuzwa na mwenye nyumba."

Kesho yake, baada ya Koleo kumsihi, dereva alikuja, macho mekundu. Koleo aliingia behewa la tatu peke yake, akakaa kwenye kile kiti. Kikamchoma mapaja, hakuinuka. Daraja lilipokaribia, taa zikafifia, harufu ile ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na pembeni yake kitu kisichoonekana kikaketi, akahisi uzito wake ukibonyeza kiti, akahisi pumzi kavu shingoni, na sauti ya mdogo wake, ileile ya kudeka, ikamwambia sikioni kwamba bomu lingine lipo, lipo chini ya miguu yake, dada, shuka, ruka, shuka sasa hivi.

Breki zikalia. Dereva naye alikuwa amesikia. Treni ikasimama katikati ya daraja.

Koleo akanyakua simu ya ukutani. "Shemeji! Endesha!"

"Ananililia, shemeji..."

"Mkeo hakuwahi kuniambia nishuke hata siku moja! Kila asubuhi alikuwa akinipigia, 'Dada, nishikie nafasi.' Endesha!"

Akageukia kiti kilichobonyea. "Na wewe, nani kakukaribisha? Watu wangu kumi na tisa wamefia humu. Humu ni kwetu. Toka!"

Mlango wa behewa la pili ukafunguka. Fundi cherehani mmoja mnene, aliyekuwa amebanwa huko tangu kituo cha kwanza, akachungulia.

"Dada, hapo kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Njoo ukae."

Akaja, akisali kimoyomoyo, akakaa palepale palipobonyea, kwa makalio yake yote. Nyuma yake wakaja manesi wawili, mwashi, mama na mtoto mgongoni, kisha wengine wakisukumana. Kitu kikapiga yowe ambalo halikuwa la mwanadamu, dirisha likapasuka kuelekea nje, vioo vikamwagikia mtoni.

Upepo ukaingia, baridi, safi. Treni ikajikokota, ikashika mwendo.

"Tumechelewa dakika tisa," mwashi akanung'unika. "Bosi wangu nitamwambia nini?"

Koleo akacheka hadi akalia, na nesi mmoja akamshika mkono mpaka walipofika.