Kumbukumbu Haitoshi

Programu ilikuwa imekufa tena, na safari hii maiti yake ilinukia mafuta ya nywele.

Fundi aliyeichunguza, ofisini walimwita Mwosha. Programu ikianguka, kompyuta huacha faili lenye yote ambayo ilikuwa ikiyakumbuka wakati wa kukata roho. Mafundi waliliita maiti, na kuifunua ilikuwa kazi yake. Ndani yake mna nyayo pia, orodha ya sehemu za programu, nani alimwita nani, unazifuata kutoka juu kushuka hadi kwa aliyeanzisha. "Programu haifi bure," alipenda kusema. "Kuna aliyeita balaa." Wenzake humtania kwamba mwosha huoshwa, naye hucheka.

Hii ilikuwa ya hospitali, ya kuwakumbusha wauguzi saa za dawa. Aliiandika mdogo wake, na ndiyo kazi yake ya kwanza, aliyoombewa na Mwosha mwenyewe. Mama yao alifariki kijana huyo akiwa bado ananyonya. Mwosha, dada yake, ndiye aliyembeba mgongoni, mpaka watu wakadhani ni mwanawe.

Akaifungua maiti akitarajia majina ya dawa. Akakuta maneno ya wimbo wa kubembelezea mtoto, na jina la utani ambalo mama yake tu ndiye aliyemwita kwalo. Akajaribu kuuimba wimbo ule. Hakuujua. Aliusoma kama mgeni, na ile sauti ya mama iliyokaa kichwani mwake miaka yote haikuwamo tena.

Akaanza kufuata nyayo. Juu kabisa: kumbukumbu haitoshi. Chini yake: omba kumbukumbu. Chini yake palikuwa na jina ambalo hakuna fundi aliyeliandika, na alipolikazia macho feni za mashine zote zikanyamaza kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakimsengenya, na katikati ya ukimya ule mtu akavuta pumzi nyuma ya kiti chake, pumzi ndefu yenye harufu ya mafuta ya nywele ya mama, na sauti ambayo haikuwa ya mama ikasema kwa upole, "Sikuja. Niliitwa."

Hakugeuka. Akashuka mstari wa mwisho. Palikuwa na jina la mdogo wake, na pembeni kile alichokitoa: *dada*.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemwita nani humu?" Mwosha alinong'ona.

"Dada, taratibu, anasikia." Alitazama nyuma ya kiti cha dada yake. "Programu ilikuwa inaishiwa kumbukumbu kila siku. Wangenifukuza. Nikasikia sauti chumba cha mashine, ikasema inaweza kuongeza. Ikaniuliza, nichukue za nani?"

"Ukasema?"

"Nilidhani inaulizia kompyuta."

"Usinidanganye mimi. Nimekulea."

Akaanza kulia. "Nikaandika za dada. Wewe unazo nyingi za mama. Mimi sina hata moja."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu alikuwa mgongoni. Mwosha aliumia kuliko siku ya msiba, kwa sababu siku ile hakukuwa na wa kumlaumu. Angeomba, angempa. Angemsimulia kila usiku mpaka zikawa zake. Akaufuta ule mstari wenye jina la mdogo wake, kwa kidole kizito, bila kumtazama.

Programu ikaanguka mara ya mwisho. Kitu kikapita karibu na shingo yake kikielekea mlangoni kwa haraka ya mwizi aliyegunduliwa, anayekwapua chochote kilicho karibu. Feni zikarudi kunguruma. Harufu ikaisha.

Maiti mpya ilikuwa tayari kwenye kioo. Akaifungua, kwa mazoea. Khanga iliyolowa mkojo. Kichwa kidogo kizito kimelala begani. Hatua za kwanza za mtoto wa kiume, anakuja mbio mikono imenyooshwa. Mwosha akatabasamu. Bahati ya huyo mtoto, akawaza, kupendwa hivyo.

"Dada," sauti ikamwita kutoka mlangoni. "Ametoka?"

Akageuka, akamwona kijana mwenye macho mekundu.

"Karibu, kaka," alisema. "Unamtafuta nani?"