Djibril, Ufaransa

"Twahiru, jina ya kaka yangu inafanya nini humu?"

Saliha alisimama mlangoni na suruali aliyoletewa na mchumba wake Twahiru aishone goti. Mkono wa pili ulishika karatasi aliyoikuta mfukoni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Julai 2002, na mtaa wa Cibitoke ulikuwa umelala vibaya kwa milio ya risasi za vita.

Djibril – Ufaransa. Léonce – Australia. Consolate – Amerika. Yakafuata mengine, yote ya watu wa mtaa, na chini kabisa sahihi ya mkubwa fulani.

"Ni ya gofu," Twahiru alisema. "Kuna mashindano kubwa kule Ulaya, imeisha jana. Patron mmoja, mkubwa wa klabu, atatoa mfuko ya mchele kwa mwenye kukisia mshindi ni wa inchi gani. Ametia sahihi Alhamisi, mutu asibadilishe."

"Djibril anajua gofu tangu lini?"

"Hajui. Kila mutu anapewa inchi moja, sasa mi nikaazima majina ya majirani ili nipate inchi nyingi."

Saliha alitaka kumwamini, moyo ukakataa. Twahiru hushinda uwanjani akibeba fimbo za wakubwa, makanali wakiwemo. Na mume wa Assia, dada wa Saliha, alichukuliwa kwa karatasi ya majina kama hii. Mpaka leo hajarudi.

"Nimeshamwambia Djibril," alisema kwa sauti ndogo, akamwonyesha ujumbe kwenye simu.

"Kaka, jina yako iko kwa liste ya majina ya Twahiru. Usirudi nyumbani."

Twahiru akakaa chini.

"Saliha, umeniua."

Djibril hakukimbia. Alikuja, na nyuma yake wanaume wawili wa doria ya mtaa, mmoja ana panga ndani ya koti.

"Toka, shemeji. Twende tuongee kule mtoni."

Hapo ndipo Saliha alipojua amefanya nini. Akajiweka katikati yao.

"Kaka, anasema ni gofu. Tungoje habari ya saa moja. Kama redio haitasema gofu, mwende naye."

Wakangoja, watu watano na redio moja juu ya cherehani. Vita kwanza. Kisha mawaziri. Kisha michezo: mpira, halafu baiskeli. Mwenye panga akasogea. Twahiru alikuwa anasoma shahada kimoyomoyo.

Gofu ikaja ya mwisho. Wanne walikuwa wamefungana, mtangazaji alisema kwa Kifaransa: Waaustralia wawili, Mfaransa na mtu wa Afrika Kusini. Ameshinda wa Afrika Kusini.

Djibril aliichukua karatasi, akaisoma taratibu.

"Kumbe mi nilibakiza kidogo," alisema. "Na Afrika Kusini ni ya nani?"

Saliha akachungulia. Mwanzoni macho yake yalikwama kwenye jina la kaka, hayakufika mstari wa mwisho. Saliha – Afrika Kusini.

"Ile niliyoamini itashinda ndiyo nilikuandikia we," Twahiru alisema. "Mchele ya arusi."

Saliha alilia. Kisha akaichukua karatasi, akaitia kwenye jiko la makaa.

"Saliha! Patron atajuaje kama tumeshinda?"

"Asijue. Kesho itaokotwa na mutu hana redio."

Wale wawili wa doria wakatoka bila kuaga.

"Basi tutaoana na bugari ya muhogo, si mchele," Twahiru alisema.

"Na bugari," Saliha alijibu. "Ila kuanzia leo majina yetu yaandikwe pahali pamoja tu, kwa imamu."