Kadi Ndani ya Kiatu cha Arusi

Fundi viatu alikuwa na benchi lake kibarazani. Mkewe, mshona nguo, alikuwa na cherehani yake ndani, karibu na dirisha. Nyundo ikigonga huku, pedali inazunguka kule. Walitaniana dirishani kutwa nzima, na siku ikapita bila wao kujua.

Lakini mwezi ule pedali ilikuwa inanyamaza mara kwa mara. Mke alikuwa na kidonda chini ya wayo. Kilianza kidogo, kama kifungo cha shati. Sasa ilikuwa wiki ya tano na hakijafunga.

"Hata hakiumi," alisema mke. "Acha wasiwasi, baba watoto."

Fundi akaitikia tu. Moyoni aliogopa sana.

Asubuhi moja akaja mama mwenye mvi, faili kwapani, kiatu kimoja mkononi. Soli ilikuwa imeachama.

"Kilianza kuachia lini, mama?" fundi akauliza.

"Mwezi uliopita. Nikawa nasema, nitakuja kesho."

"Lo! Ungekuja siku ile, nyuzi nne tu na yamekwisha. Sasa nabadilisha soli nzima. Unatembea wapi hivyo?"

"Nyumba kwa nyumba. Mimi ni mchumi."

"Mchumi? Unachuma nini?"

Mama akacheka. "Nachuma majibu, fundi. Huu mwaka wa ishirini na sita natafiti gharama za matibabu. Nauliza watu wanatibiwaje, nani ana bima, nani hana. Kisha nawaambia wanaopanga bima nilichokiona. Sasa mtaa huu umenishinda. Karibu kila nyumba ina kadi, lakini zahanati watu hawaendi. Kwa nini?"

Sauti ikatoka dirishani. "Muulize huyo huyo! Yetu ameificha kama dhahabu."

Fundi akaona haya. Akaingia ndani, akashusha boksi juu ya kabati. Mlikuwa na viatu vyeupe vya arusi, alivyomshonea mkewe kwa mikono yake. Ndani ya kiatu cha kulia, kwenye mfuko wa nailoni, ilikuwemo kadi ya bima. Iling'aa kama imetoka kuchapwa leo.

"Mbona umeificha?" mama akauliza.

"Naitunza, mama. Nikiitumia kwa vitu vidogo vidogo, si itaisha? Mke wangu akipata ugonjwa mkubwa, nitampeleka na nini?"

"Itaisha vipi?"

"Kama vocha ya simu. Ukiongea ovyo, inaisha."

Mama akaweka kalamu chini.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "sijawahi kumuuliza mtu kama anaogopa kadi itaisha. Sikiliza, fundi. Bima si vocha. Ni mfuko wa pamoja. Wote tunachangia, anayeugua anatibiwa. Bima hazifanani, kwa hiyo uliza yako inalipia nini. Hii yenu naijua. Inalipia vipimo, dawa na vidonda. Uende mara moja, uende mara kumi, kadi ni ile ile. Kinachoisha ni tarehe hii hapa. Ikifika, imefika, hata kama hukuugua."

Kisha akageukia dirishani, akauona mguu wa mke uliofungwa kitambaa. "Na wewe, shoga yangu, una nini mguuni?"

Mke akaeleza. Mama akasikiliza, uso ukabadilika.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini kidonda cha mguu kisichopona na kisichouma, nimekiona sana kwenye mafaili yangu. Waliochelewa, wengi walikatwa mguu."

Fundi akatazama soli mkononi mwake. Nyuzi nne tu. Akaiweka chini.

"Mama watoto, twende."

"Na nguo za watu?"

"Watatusamehe. Twende!"

"Na kiatu changu?" mama akauliza.

"Nilindie benchi!"

Basi mchumi akabaki kibarazani, mguu mmoja peku, analinda nyundo.

Zahanati walimpima mke damu. Sukari ilikuwa juu sana. "Sukari huua hisia za miguu," muuguzi akaeleza. "Ndiyo maana hakiumi. Mmewahi." Akakisafisha kidonda, akampa dawa, akapanga siku za kurudi. Akamwambia fundi, "Baba, mkague miguu kila siku."

Kisha akamrudishia kadi. Fundi akaigeuza mbele na nyuma.

"Imebaki kiasi gani?"

Muuguzi akacheka. "Imebaki yote, baba."

Fundi akatoka nje haraka, maana machozi yalikuwa yanamlenga.

Baada ya miezi miwili kidonda kilifunga. Pedali ikarudi kazini. Jioni moja mchumi akapita tena, akiwa na kadi mpya ya mfano. Nyuma yake palichapwa hivi: *Kadi haiishi kwa kutumiwa. Inaisha tarehe yake ikifika.*

"Maneno haya nimeyachuma hapa kwako," alimwambia fundi. "Na kadi yako iko wapi?"

Fundi akaitoa mfukoni mwa shati. Ilikuwa imechakaa pembeni, inanuka gundi. Akairudisha, kisha akapiga magoti mbele ya mkewe.

"Lete mguu."

"We! Mgeni anatutazama."

"Atazame."

Akaushika wayo kwa mikono miwili, akaupitishia kidole polepole, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni. Mke akajikaza asicheke.

"Toka unichumbie, hujawahi kunitazama miguu hivi."

"Nisamehe, mke wangu," alisema fundi. "Nilitunza kiatu, nikausahau mguu."