Usukani Ulipotulia

Rafiki yangu Thawat, muuza matunda ya duriani wa hapa kwetu Chanthaburi, Thailand, si mtu wa uzushi. Baada ya kumzika mkewe Lamai kwa moto, aliifungia gari yao rimu mpya, zile pana ambazo marehemu alizikataa. Tangu hapo, akifika kilomita mia na kumi kwa saa, usukani ulitetemeka hadi mikono ikafa ganzi.

Akaenda kwa fundi Bunlert. Fundi alianza kwa kulitazama shada la jasmini lililokauka kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma.

"Siku hizi nani anamtundikia maua mama mlinzi, yule roho wa gari?"

"Alikuwa Lamai."

"Basi mama huyo amenuna, kaka!"

Akacheka, akafungua magurudumu. Tundu la katikati ya rimu lilikuwa pana mno, gurudumu halikukaa sawasawa. Akaziba nafasi kwa pete za plastiki.

Wakatoka kujaribu, jua la utosini. Fundi alikaa nyuma, maana kiti cha mbele Thawat hamkalishi mtu. Kwenye mia na kumi usukani ukatulia tuli.

Ndipo wakasikia kilichokuwa kimefunikwa na mtetemo: bangili ikigonga kioo cha upande wa abiria, ko, ko, ko, kama alivyogonga Lamai kila mumewe alipokimbiza gari. Bangili hiyo iliungua naye.

"Punguza, kaka," fundi akanong'ona.

Thawat akapunguza. Bangili ikakoma. Kisha, machozi yakimtiririka, akakanyaga mafuta tena.

Bangili ikarudi. Safari hii iligonga taratibu, juu ya usukani, katikati ya mikono yake.