Kimbia Ukiweza Kuongea

Mambo yangu yaliharibika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, nikiwa mbele ya boila. Boila ya kiwanda cha mablanketi haijui Jumapili. Ukiizima, Jumatatu hakuna mvuke, na pasipo mvuke wakubwa wanaanza kutafuta nani wa kufukuzwa. Nilikuwa peke yangu na moto wangu, simu ikaita. Mama mkwe.

"Njoo getini. Mwenzio kifua kimembana, na dawa ya kuvuta imegoma."

Mke wangu alikuwa na pumu. Boila huwezi kuiachia hovyo, inaweza kuondoka na mtaa mzima, kwa hiyo nilipunguza moto kwanza, nikatoa mvuke, ndipo nikatoka mbio. Nilikuta pikapu ya jirani yetu Fundi Umeme iko getini inanguruma. Mama mkwe kampakata mwanawe. Geti limefungwa kwa mnyororo, na kibanda cha mlinzi kitupu.

Hapa nikueleze msomaji, usije ukadhani tulikuwa jela. Sisi tuliopewa kota tunaishi ndani ya ukuta wa kiwanda. Wakubwa walisema mablanketi yanaibwa, wakaamuru geti lifungwe tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Sisi na mablanketi tukafungiwa pamoja. Ufunguo ulilala kwa Meneja, kwenye nyumba yake upande wa pili wa kiwanda, kule nyuma ya maghala.

Nilitikisa mnyororo ule mpaka viganja vikachunika. Meneja alipokuja na gari lake, shati kalivaa ndani nje, mke wangu alikuwa ameshanyamaza.

Nikauliza mlinzi yuko wapi. Watu wakasema alikimbia. Jumatatu ofisini wakasema vilevile, mlinzi alikimbia lindo, ameshaondolewa. Wakaleta shada la maua. Wiki iliyofuata wakaongeza kufuli la pili.

Walinzi wale walikuwa wanabadilishwa kama nepi, hatukuwajua hata sura. Basi nikabaki namlaani mtu asiye na uso.

Nilibaki na mama mkwe. Alikuwa anaishi kwa binti yake kwa sababu hana kwingine, na binti alipoondoka akawa hana kwingine zaidi. Tukawa tunakaa wawili kwenye kota ya vyumba viwili, yeye na kimya chake, mimi na mdomo wangu.

Ujane wangu ulipoingia mwaka wa pili, daktari wa kiwanda akanipima presha, akatazama kile kipimo kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akasema boila haikai na mtu wa presha ile. Fanya mazoezi, kimbia, ishuke. Isiposhuka unatolewa kwenye boila, na kota ni ya mtu wa kazi. Yaani wao wamenipandisha presha, halafu nikimbie mimi.

Kesho yake asubuhi nikakimbia. Nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa, kutoka mlangoni kwangu mpaka ghala la kwanza, kichomi kikanishika, nikaegemea ukuta nikihema. Na ile sauti ya kuhema ndiyo ilinimaliza. Ilikuwa sauti ya mke wangu. Nikakaa chini.

Akatokea mwanamke anakimbia taratibu, raba zake zimechakaa. Nilimjua kwa mbali, wa kitengo cha kushona pindo za mablanketi. Kiwanda kizima kinamwita Dada Pindo.

"Kaka, unakimbizwa na nani?"

"Daktari."

Akageuka akatazama nyuma yangu. "Mbona simwoni?"

Sikucheka. Akachuchumaa.

"Ukikimbia hivyo leo utazichukia mbio, kesho utaacha. Kimbia ukiweza kuongea. Maneno yakikatika, tembea. Yakirudi, kimbia tena."

"Niongee nini?"

"Chochote. Hakuna kinachokukera?"

Masikini, hakujua amefungulia bomba.

Nilianza na sabuni ya watu wa boila iliyokatwa. Nikaja kwenye gari jipya la Meneja, nikaja kwenye bati la kota linalovuja, nikamalizia na mlinzi aliyekimbia na kuniulia mke. Nikikata pumzi tunatembea, nikipata neno tunakimbia. Kesho yake vivyo hivyo. Yeye alikuwa anasikiliza tu, na nikinyamaza anasema, "Umechoka, tutembee." Malalamiko yangu ndiyo yalikuwa saa yake. Watu wa kota wakituona tunapita dirishani wanaambizana Bunge limeanza.

Nje hatukuweza kutoka. Asubuhi geti hufunguliwa kwa ajili ya malori, si kwa ajili yetu. Tukawa tunazunguka kwa ndani, ukuta kushoto, maghala kulia, tukifika getini tunageuza. Punda wa kinu ana nafuu, yeye angalau husaga kitu. Nilimwambia hivyo Dada Pindo, akasema punda wa kinu halalamiki sana kama mimi.

Nilichukia kukimbia kwa muda mrefu, nisikudanganye. Magoti yaliuma, jasho liliingia machoni, na nikiona ule ukuta unakuja tena nilitaka kuupiga kichwa. Kisha asubuhi moja kulikuwa na manyunyu. Harufu ya sufu mbichi inatoka ghalani, lami imelowa, miguu inakwenda kama si yangu. Nikaja kushtuka tumeshapita mlangoni kwangu na sikusimama. Kifua kiko wazi, hewa inaingia inatoka, haidai kitu.

"Umenyamaza," Dada Pindo akasema. "Umechoka?"

"Hapana. Nimesahau kulalamika."

Akageuzia uso upande wa ukuta. Nilidhani ni manyunyu anayafuta.

Tangu siku hiyo nikawa naamka kabla ya kengele. Presha ikashuka, daktari akajisifu yeye. Nikawa nampelekea Dada Pindo maji ya moto ya boila aloweke miguu, maana unyayo wake mmoja una kovu refu. Nilimuuliza kovu la nini, akasema kokoto. Yeye akaninunulia kamba za raba, nyekundu, nikazivaa na utu uzima wangu wote. Jioni simu inalia, "Umekula?" Namjibu, "Nimekula, ila bati linavuja." Ananijibu, "Hilo la bati liweke la kesho, usije ukaishiwa."

Mama mkwe aliona. Asingeonaje, nyumba yenyewe ukipiga chafya chumbani anajibu aliye sebuleni. Akaniambia siku hizi nakimbia hata nikienda kuoga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi si mnyororo. Nawe bado una umri wa kuishi na mtu. Mlete nimwone."

Kesho yake, tukiwa kwenye kona ya ghala la pili, nikasema.

"Nataka nikuoe."

Dada Pindo akaacha kukimbia. Akatembea. Nikamtania, maneno yamekatika? Hakucheka. Akasema nimpe mpaka jioni.

Jioni ujumbe ukaingia, nami niko mezani na mama mkwe.

"Kaka, kabla hujamwambia mama. Yule mlinzi unayemlaani kila asubuhi ni mimi. Ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Nilimpigia Meneja hakupokea. Nikakimbia kufuata ufunguo. Sikuwa najua kukimbia. Nilifika nimekata pumzi, nagonga mlango, mdomo unafunguka na neno halitoki. Dada wa kazi akadhani nimelewa, akafunga mlango. Nilipopata sauti akaniambia ufunguo uko chumbani, Bosi amelala, amekataza kuamshwa. Nilipiga kelele mpaka akaamka. Ndiyo maana nilijifunza kukimbia na kuongea. Ukinikataa sitakulaumu."

Niliusoma kwa shida, mimi shule niliishia darasa la nne, nikadhani nimeusoma vibaya. Nikaurudia. Nikatoka nje nikampigia.

"Umeniacha nikutukane muda wote huu?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Wakasema ulikimbia lindo."

"Waliniita ofisini. Wakasema nikikubali kwamba nilikimbia, na habari ya ufunguo niiache, watanipa kazi ya ndani. Nikikataa, polisi. Nina mama kijijini anakula kwa mkono wangu. Nikakubali."

"Na mimi ulinifuata kwa nini pale ghalani?"

Akasema, "Nilikusikia unahema."

Nikakata simu.

Sikukimbia tena. Asubuhi nilikaa kitandani nikitazama ukuta wa chumba, nikitoka kazini natazama ukuta wa kiwanda. Hakuna nilichoweza kushika. Kumchukia nimeshindwa, kumsamehe sitaki, na kuhama siwezi, maana nikihama mama mkwe anakwenda wapi? Nilikuwa nimefungiwa ndani, na safari hii hata ufunguo sijui uko kwa nani. Kila alfajiri raba zake zilipita dirishani. Zilipita peke yake, bila sauti ya mtu.

Jumapili mchana mama mkwe akawa anakunja nguo sebuleni.

"Bunge limevunjwa?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea atalia au atamlaani. Akaendelea kukunja.

"Alivua mabuti," akasema.

"Nani?"

"Huyo mlinzi. Mimi si nilikuwa ndani ya gari, kichwa cha mwanangu kiko hapa? Kofia imemfunika uso, sura sikuishika. Alipiga simu, akapiga tena. Kisha akavua yale mabuti makubwa kuliko yeye, akayatupa, akaondoka peku juu ya kokoto. Mwanangu alikuwa hawezi kusema, lakini macho yake yalimfuata yule binti mpaka akapinda kona. Mtu anayekimbia lindo hakimbilii kwa bosi wake, mwanangu. Wala haachi viatu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Tangu siku ile unaongea wewe tu. Na mimi nilikuwa na kilio changu."

Akaweka shati langu juu ya lundo, akalinyoosha kwa kiganja. "Kavae raba."

Nikavaa raba. Saa tisa ilikuwa inakaribia nilipogonga kwa Dada Pindo. Alifungua mlango, macho mekundu, akasimama mlangoni kama anayesubiri kofi.

"Vaa raba," nikamwambia.

"Twende wapi?"

"Getini kwanza."

Tulipofika pale nikashika mnyororo. Ulikuwa wa moto kwa jua. Makufuli mawili yananing'inia. Nikamwambia anionyeshe njia aliyopita siku ile, na tukimbie taratibu, tukifika nataka tuwe na maneno. Akaelewa. Tukaondoka, akanionyesha alipoanguka, akanionyesha ile kona ya kokoto.

"Ulikanyaga hapa peku?"

"Sikusikia kitu. Niliona damu baadaye."

Tukapinda ile kona. Kisha nikasema, "Lile nililokuambia kona ya ghala bado liko palepale. Mama anataka kukuona."

"Mama wa marehemu?"

"Ndiye aliyenituma nikavae raba."

Alilia huku anakimbia, na pumzi haikumkatika. Halafu akasema ndoa za watu huwa Jumapili, ndugu zake watapitaje na geti limefungwa? Au mama yake asimame upande wa pili wa mnyororo, apewe pilau kwenye matundu?

"Ndilo tunalokwenda kuuliza," nikamwambia.

Watu wa kota walituona. Bunge halijawahi kukaa mchana, tena Jumapili, tena likielekea kule. Fundi Umeme akatoka na kandambili zake akatufuata. Na wengine nyuma yake.

Meneja alikuwa barazani na kikombe cha chai. Akainuka.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Bosi. Mimi ni mtu wa boila. Na huyu ni yule mlinzi wako aliyekimbia." Nikasogea pembeni ili amwone vizuri. "Amefika."

Kikombe kikagonga kisahani. Akasema hayo ni mambo ya zamani, yalishazungumzwa. Akasema mambo ya funguo huzungumzwa ofisini, tena siku ya kazi. Akatazama nyuma yetu, akaona uwanja unajaa watu, na mama mkwe anakuja wa mwisho na upande wake wa khanga mkononi, hana haraka. Meneja akakaa. Hakujua aweke wapi mikono.

Mimi maneno nilikuwa nayo ya kujaza ghala, lakini safari ile nilinyamaza. Dada Pindo alipanda ngazi moja. Hakuwa anahema. Swali lake liko pale barazani mpaka leo, hajalijibu Meneja wala waliomweka.

"Bosi, geti la watu wanaoishi ndani, ufunguo wake ulikuwa unafanya nini chumbani kwako?"