Sauti Chini ya Mbao

Nafuna wa Mbale alikuwa na sauti, jamani. Akisoma kwenye chumba cha darasa la mwisho, watoto wa darasa la kwanza, upande wa pili wa shule, walinyamaza kumsikiliza. Sauti hiyo ndiyo iliyomvusha mpaka kutoka Uganda akaja kusomea ualimu Thika, na sauti hiyo hiyo ndiyo ingemwokoa Jumatatu, katika somo la majaribio mbele ya mkaguzi. Akifaulu, atapata cheti. Akishindwa, atarudi kwao kupalilia migomba, na wale waliosema msichana hasomeshwi nchi za watu watapata la kucheka.

Jumamosi mwalimu wao aliwatuma, yeye na rafiki yake Warigia, wakaone mahali tamthilia za walowezi zilipotungwa na kuchezwa. Asubuhi waliona jiwe karibu na maporomoko ya Thika, ambapo mzungu mmoja alikaa akiandika.

"Ni jiwe tu," alisema Warigia. "Nimefulia nguo kwenye mawe mazuri kuliko hili."

Kisha wakapanda gari la moshi hadi Ruiru, wakatembea hadi shamba la kahawa lenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Zilikuwa siku za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Warigia, kwa kuwa mwenyeji wa huko, alisimamishwa njiani mara kwa mara aonyeshe pasi, ndiyo maana walifika jua likielekea kuzama.

Mzee Ephantus, mlinzi wa shamba, alifungua kufuli akarudi nyuma.

"Ingieni. Mimi hapana ingia."

"Kwa nini, guka?" aliuliza Warigia, akimwita babu kwa lugha yao.

Mzee alitazama miguu yake. Hilo lilimtosha Warigia. "Ngai! Basi hata mimi sitii mguu. Nafuna, harakisha, gari litatuacha."

Nafuna akacheka, akaingia peke yake. Alitaka kitu kimoja tu: kusimama jukwaani aipime sauti yake hadi viti vya nyuma.

Ndani kulinuka popo na vumbi la mapazia. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za bati. Mbele ya jukwaa palikuwa na shimo dogo lililofunikwa kwa kibanda cha mbao. Alilijua kutoka darasani: humo hukaa mtu anayewanong'oneza waigizaji maneno wanapoyasahau.

Alipanda. Mbao zikalia.

"Watoto, hamjambo?" aliita.

Sauti ikajaa ukumbi, ikamrudia vizuri. Alifurahi mno.

Kisha, chini ya miguu yake...

*Krr. Krr.*

Kama kucha kwenye mbao.

"Nani huko?"

Ulijibu mnong'ono, wa mtu aliyechoka kabisa.

"Mwanangu... nipokee."

Mikono miwili yenye makunyanzi ilitokeza shimoni, imeshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Fundi, alidhani Nafuna. Au mfagiaji. Na kwao, mtu mzima akikwambia nipokee, huulizi ni nini. Unapiga magoti, unanyoosha mikono yote miwili.

Akapiga magoti. Akanyoosha mikono.

"Nimepokea, baba."

Kitambaa kilikuwa baridi, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Ahsante," mnong'ono ulisema. "Nilichoka."

Mikono ikazama. Kisha hatua zikampita, nzito, zikashuka jukwaani, zikafuata njia kati ya viti. Hapakuwa na mtu. Vumbi tu lilikuwa likiruka.

Nje, Ephantus alipiga ukelele.

Nafuna akafungua kinywa amwite rafiki yake. Hakikutoka kitu, hata pumzi ya neno.

Na kutoka shimoni, chini ya mbao, sauti yake mwenyewe ikaita kwa uzuri wake wote:

"Warigia!"

"Niko hapa!" alijibu Warigia kutoka nje. "Toka basi, tunachelewa!"

Nafuna alikimbia akijigonga kwenye viti. Mlangoni alimkuta mzee ameketi chini, kofia imeanguka.

"Gerishon amepita," alinong'ona Ephantus. "Amepita hapa, hata hakunisalimu."

Aliwaeleza kwa vipande vipande. Gerishon ndiye aliyekuwa akiwanong'oneza waigizaji kutoka shimoni. Siku ya msako, mzungu mwenye shamba alimwambia ajifiche humo, asitoke mpaka mtu aje kumpokea kazi. Askari wakafunga ukumbi. Ulipofunguliwa tena, waliona koti lake tu.

"Wewe uliongea nini naye, maitu?" mzee alimuuliza Nafuna, akimwita mama kwa heshima ya kwao.

Nafuna alishika koo, machozi yakimtiririka. Mzee alimtazama, akaelewa ni nani aliyeipokea kazi ya Gerishon, akageuza uso.

Jumapili yote Warigia alimpa maji moto na ndimu. "Ni baridi ya jioni tu," alisema, lakini usiku huo alihamishia kitanda chake karibu na dirisha, mbali na cha Nafuna.

Jumatatu Nafuna alisimama mbele ya watoto. Mkaguzi alikaa nyuma na kalamu yake. Nafuna alifungua kinywa kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Watoto, hamjambo?"

Sauti yake ilitoka chini ya sakafu ya mbao ya darasa. Watoto hawakushangaa, walimtazama usoni, wakajibu. Basi akachezesha midomo, na sauti ikafundisha. Ilifundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Jasho lilimlowesha mgongo.

"Umefaulu," mkaguzi alimwambia mlangoni, akampa mkono. "Hongera, mwalimu."

Watoto walitoka wakikimbia. Nafuna akabaki kukusanya chaki. Alikuwa amefunga midomo yake kabisa, ameibana kwa meno.

Chini ya mbao, sauti haikuwa imekoma. Haikufundisha tena. Ililia, taratibu, kwa kilugha cha nyumbani, kama alivyolia utotoni akiogopa giza.

"Nafuna," iliita. "Huku kuna baridi. Nafuna, uko wapi?"

Alipiga magoti, akaweka shavu sakafuni.

Alitaka sana kuijibu. Hakuwa na cha kujibia.