Kengele ya Upande wa Pili

Hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho haya haya, nimesimama nje ya dirisha la Valence pale Nakwa, Babati, na sahani ya chipsi mkononi, na chipsi zile ziliganda mpaka ungeweza kuzipigilia ukutani kama misumari. Wangekuwepo wanaume kumi, tisa wangezimia na wa kumi angehama mkoa. Mimi nilibaki. Nilitetemeka, sikatai, lakini ule ulikuwa upepo wa mlima Kwaraa. Siku hiyo ulivuma mpaka mbuzi wa mama mwenye nyumba manyoya yakahamia upande mmoja.

Valence ni fundi redio. Lakini uliza mtu yeyote Nakwa, atakwambia, "Aah, yule wa treni."

Sasa Babati na treni wapi na wapi? Reli haijawahi kufika kwetu. Kuna watu wazima hapa wameiona treni kwenye simu tu. Valence na wenzake wakaona kungoja ni kuzeeka bure, wakajenga yao juu ya meza. Reli za waya za miavuli, mabehewa ya makopo ya samaki, injini ina mota ya deki mbovu, umeme wa betri ya pikipiki. Ukiiona inakata kona na taa yake mbele, unatafuta mfukoni kama una tiketi.

Walikuwa wanne. Mwalimu Marietha, ambaye baadaye alihamishwa. Leonsi, aliyekimbilia machimbo. Valence mwenyewe, ambaye mkewe alirudi kwao zamani. Na Mzee Yoakimu, mstaafu wa reli aliyekuja Babati kumfuata binti yake, Conjesta. Mzee yule aliishi na treni mpaka nguo zikanuka ugoro na dizeli, na akikohoa unasikia honi.

Mzee alipanga chumba kilichopakana na cha Valence, na ndiye aliyetoboa tundu ukutani treni ipite. Mama Romana, mwenye nyumba, alikuja juu.

"Baba Conjesta! Unanibomolea nyumba kwa ajili ya midoli?"

"Mama, hii siyo midoli. Meza ya Valence ni stesheni ya Bonga. Meza yangu ni Mutuka. Sasa hapo katikati abiria wapite wapi?"

Kila stesheni ilikuwa na kengele, na waya ulipita tundu lile lile. Sheria ya mzee ilikuwa moja. Unataka kutuma treni, unapiga kengele mbili. Mwenzako akijibu mbili, tuma. Ikifika, anapiga moja ndefu. Asipojibu, hata ukeshe, haiondoki.

"Bwana mdogo," alikuwa anamwambia Valence, "treni haiendi kwa mtu ambaye hajasema njoo."

Halafu kulikuwa na abiria. Mzee aliwachonga kwa nta ya mshumaa, wadogo kama kidole gumba, na kila mwanachama alikuwa na wake. Marietha alipohama, mzee alimpandisha behewani, akampeleka Mutuka, akamteremsha. "Ameshuka," akasema. Leonsi vilevile. Watu wakaanza kunong'ona mtaani. Watu wazima wawili wanasukuma vitu vya nta gizani, vina majina ya watu? Hiyo si michezo. Hao ni misukule.

Mvua za masika zikamkuta mzee na presha. Akafa. Nilibeba jeneza mimi, na nakwambia lilikuwa jepesi kama trei la mayai lisilo na mayai. Conjesta akasafirisha mwili kwao, na Mama Romana akafunga chumba kufuli.

Basi Valence akabaki na jioni zake. Redio za wateja akawa hazirudishi hata zikipona. Alikuwa anaziwasha zote pamoja, kila moja na stesheni yake, ili chumbani kuwe na watu. Mteja akija kuuliza, anaambiwa bado kidogo.

Jioni hiyo umeme ukakatika. Redio zikanyamaza zote kwa mkupuo mmoja.

Valence akatoka kwenda kununua mshumaa.

"Dereva!" Mama Praygod wa dukani akamtania. "Mshumaa wa kuwasha au wa kuchonga abiria?"

"Wa kuwasha, mama."

"Na mkate je? Umekonda kama reli zako."

Akachukua na mkate. Akapita kwangu, kwenye banda langu la chipsi, akaagiza sahani, nikamwambia tangulia, nakuletea. Kumbuka hapo, ndiyo sababu nilikuwepo.

Akarudi. Jua limezama, na giza linaingia, lile giza zito unaloweza kulikata ukaliuza kwa kilo. Viboko wa ziwani, ambao saa hizo huguna kama wanadaiwa, kimya. Mbwa kimya.

Mlangoni kwake akasimama.

Harufu...

Ugoro. Ugoro na mafuta ya dizeli.

Akajiambia ni mafuta ya bodaboda. Akaingia, akawasha mshumaa, akaketi mbele ya stesheni ya Bonga. Tangu msiba hakuwa ameigusa treni. Vumbi limejaa juu ya reli. Akalifuta kwa mkono wa shati. Pale stesheni alisimama mtu wake wa nta peke yake, kama aliyekosa gari.

Alitaka kuituma tu hivyo hivyo, aisikie ikitembea. Lakini mkono ulishazoea. Kabla hajafikiri, kidole kikabonyeza.

Ting. Ting.

Kimya.

Akatabasamu kwa uchungu. "Haya, mzee," akasema. "Pumzika."

Ting...

Ting.

Upande wa pili.

Mimi nilikuwa ndiyo nafika dirishani. Wavu wa mbu umechanika, naona yote. Valence uso umekuwa mweupe kama ugali, na sisi hatuna weupe. Ungetegemea akimbie. Hakukimbia. Akanyoosha mkono taratibu, akawasha injini.

Treni ikaondoka. Ku-ku-ku-ku. Ikalifikia tundu, ikasukuma kile kipande cha gunia mzee alichoning'iniza pale kama pazia, ikapotea. Ku-ku-ku... ikafifia. Ikafifia kuliko ukubwa wa chumba. Ikaenda mbali, jamani, kama vile huko kuna nchi.

Halafu kengele. Moja. Ndefu.

Imefika.

Valence alikuwa analia, hapanguzi hata machozi. Kisha zikaja mbili. Ting, ting. Sasa upande wa pili ndio unaomba kutuma.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Asipojibu, haiji. Sheria ni sheria. Angeweza kuuzima mshumaa, akalala, na asubuhi akahama Nakwa. Akautazama mkate wake, kikombe kimoja, kiti kimoja kinachokaliwa na kingine chenye redio juu yake.

Akajibu. Mbili.

Gunia likainuka. Treni ikaingia polepole, ikasimama mbele yake sawasawa, vile mzee alivyokuwa akiisimamisha. Ndani ya kopo la mbele alikuwa ameketi mtu wa nta. Ana kofia. Ana mgongo uliopinda. Mzee Yoakimu. Valence akamgusa.

Nta ilikuwa ya moto.

Na pembeni yake, nafasi ya mtu mmoja.

"Nani?" Valence akanong'ona kwenye tundu. "Nani yuko huko?"

Sauti ikatoka nyuma ya gunia, kavu, ya chini.

"Si umeniita?"

Mshumaa ukazimika.

Na gizani nikamsikia Valence akijibu, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni ndani. "Nimekuita, mzee. Jioni ni ndefu sana."

Sahani ikaniponyoka.

Sasa tulieni, msianze kuwasha taa. Asubuhi mambo yalijulikana. Kumbe Mama Romana alikuwa amepangisha kile chumba siku iyo hiyo. Kijana anaitwa Heriel, fundi umeme, mgeni mjini, hana mtu. Kakuta meza, kakuta kengele na sanamu ya nta, akaona achezee. Sauti ile ilikuwa mafua. Tulicheka mpaka mbavu zikaomba likizo. Valence akapata mwenzake, na wanacheza treni kila jioni mpaka leo. Hadithi nzuri, eeh?

Ila kuna kitu kimoja.

Huyo Heriel nimemtunga.

Mara ya kwanza nilisimulia bila yeye, mke wangu akagoma kulala wiki nzima. Kwa hiyo nikamtafutia mpangaji. Mengine yote ni kama nilivyosema.

Asubuhi ile Mama Romana alitoa ufunguo, tukaenda watatu, tukafungua kufuli. Chumba kitupu. Meza hakuna, kengele hakuna, Conjesta alishabeba vyote. Vumbi sakafuni halina hata unyayo wa panya. Na lile tundu, kwa upande ule, lilizibwa kwa saruji tangu wiki ya msiba. Saruji kavu. Nikaigonga mwenyewe.

"Valence," Mama Romana akasema, sauti imekwisha, "baba, kwako leo usilale. Njoo kwangu."

Valence akaishika ile saruji kwa kiganja, kama unavyoshika bega la mtu.

"Hapana, mama. Nakuomba tu hiki chumba usimpangishe mtu."

Redio za watu amerudisha zote. Siku hizi anaagiza chipsi sahani mbili, na zote mbili zinarudi tupu.

Juzi nilipeleka nikachungulia kidogo. Stesheni ya Bonga haina mtu. Sanamu ya Valence ilikuwa imepanda, imekaa kwenye ile nafasi, bega kwa bega na mwenye kofia. Valence mwenyewe alikuwa ameinama mezani, amevaa shati la kanisani. Akabonyeza kengele. Mbili. Akatega sikio, anangoja ajibiwe.

Sikukaa kusikia. Ule upepo wa Kwaraa, nakwambia, siku hiyo ulikuwa mkali.